Mguu Mmoja Uliovunjika Mara Nne

Nianze na ujinga wangu mwenyewe kabla hamjausikia kwa watu wa mtaani kwetu Ngokolo, maana wao wataongeza chumvi, na chumvi niliyotia mimi inatosha. Nilimwambia mtu wa bima kwamba jirani yetu, Fundi, alivunjika mguu akicheza ngoma. Tena sikumnong'oneza. Nilimwambia kwa sauti, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, mikono inausaidia mdomo, na mwisho nikaweka saini.

Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nafua sare za shule, kwa hiyo nilikuwa nimevaa shati la kaka yangu, lile la kola, linalonifanya nionekane mtu mwenye mambo yake. Mtu wa bima alishuka kwenye bodaboda na viatu vinavyong'aa, ambavyo vumbi letu lilikuwa limeshaanza kuvishughulikia. Kiswahili chake kilikuwa cha Dar, kinateleza. Akaniuliza kama namfahamu Fundi.

"Yule? Yule ni mume mwenzangu," nikasema.

Akacheka. Nikajiambia, ahaa, huyu anaujua utani. Hapo ndipo nilipopotea.

"Aliumiaje?"

"Kwani hujaambiwa? Kulikuwa na mashindano ya ngoma baada ya mavuno. Vikundi viwili vya ngoma, Bagika upande huu, Bagalu upande ule. Mzee akaona wenzao wanashangiliwa, roho ikamuuma. Akapanda juu ya ngoma kubwa, akaruka. Kuruka aliruka vizuri, bwana, haki yake tumpe. Kutua ndiko kulikoleta shida."

"Ulikuwepo?"

"Mimi ndiye niliyemshikia kofia."

Akaandika. Nilidhani anaandika kwa sababu hadithi imemkolea. Akaniuliza umri, nikasema ishirini na mbili. Nina kumi na saba, niko kidato cha tatu, na hisabati huwa napata kwa kudra. Akanipa karatasi, nikasaini kwa mbwembwe, mkia wa herufi ya mwisho ukazunguka mpaka ukarudi ulikotoka. Mtu wa bima akashukuru, akaondoka. Mimi nikaendelea kufua, nacheka peke yangu.

Sasa niwaeleze Fundi ni nani, la sivyo mtaniona mwehu bure.

Si babu yangu wa damu. Ukoo wake siujui na sijawahi kuuliza. Nilizaliwa nikamkuta ng'ambo ya ua wetu, na kwa umri wake ni babu, basi. Kwetu mjukuu ana leseni ya kumsema babu chochote, na babu naye ana ya kwake. Ukimsikia mjukuu anamuuliza babu yake, "Hivi wewe hujafa tu?" usikimbilie polisi, hiyo ni salamu. Mke wa Fundi, ambaye mimi namwita Bibi, kwa utani huo ni mke wangu. Tangu nina miaka mitano Fundi ananiita mume mwenza, na kila akimkuta Bibi amenipa chakula anasimama mlangoni, mikono kiunoni: "Mayu, mama wee, yaani huyu ndiye unamwekea nyama, mimi unaniachia mchuzi?"

Siku moja nilimtilia chura kwenye sanduku lake la vifaa. Kesho yake shuleni nafungua begi nitoe daftari la baiolojia, chura huyo anatoka anaruka mbele ya darasa zima, na chini ya daftari kuna kikaratasi kwa mwandiko wake mkubwa wa herufi kubwa tupu: KIFAA KIMERUDISHWA. KIMEKAGULIWA. HAKINA TATIZO.

Nilichapwa. Lakini kile kikaratasi ninacho mpaka leo.

Mfukoni mwake hakukosekani michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Anaitafuna mikavu hivyo hivyo, kwa meno ambayo hayajulikani ni mangapi, na anakugawia bila kukuuliza kama unataka. Kanisani hukaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na jenereta, na likibadilisha mlio katikati ya mahubiri utamwona ameinua kidole kabla mchungaji hajashtuka. Redio za mtaa mzima, baiskeli, cherehani, vyote vinapita mikononi mwake. Mlango wa nyumba yake mwenyewe umeshikiliwa na kamba ya katani tangu sijui lini. Ukimuuliza anasema, "Mlango wangu haujalalamika."

Na kwa kitu kilichotengenezwa na mikono ya mtu, Fundi hasemi uongo. Hapo hata ukimpa ng'ombe. Aliwahi kuhudhuria kikao cha wazazi kwa niaba ya mama yangu. Mwalimu mkuu akasifia madawati mapya. Fundi akainuka, akalipindua dawati moja, akalitazama chini kama daktari, akasema, "Huyu aliyetengeneza hili alikuwa anawahi msiba." Cherehani ya mama mmoja mjane ilikaa kwake wiki mbili, imeshapona, inashona, lakini akakataa kusema imepona mpaka mama huyo ashone mkono mzima wa gauni mbele yake. Ndivyo alivyo.

Sasa mtu kama huyo, mkweli hata pasipohitajika, mbona kuhusu mguu wake alisema kila kitu isipokuwa kitu kimoja?

Kazi yake ni kutengeneza makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, huko machimboni ukishaipita Kahama unaelekea Geita. Aliondoka kila Jumatatu, akarudi Ijumaa jioni mweupe kama mtu aliyeangukiwa na gunia la unga. Likizo moja alinichukua nikaone. Asubuhi vijana watatu wanaoendesha karasha walikuwa wamesimama wanamsubiri. Fundi akanawa mikono, akasogea mbele ya lile lichuma, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo," akasema.

Vijana nao, mmoja mmoja: "Shikamoo."

Mimi nikaona hii ni pasi nimepewa mbele ya goli. Nikabana pua, nikaitikia kwa niaba ya mashine: "Marahabaaa!"

Hakucheka mtu. Fundi hakunigombeza hata kidogo, aliniambia tu niende kwa mama ntilie nikae huko. Nilikaa huko mpaka jua likaanza kushuka, nakunywa chai ya rangi na kuhesabu nzi. Tukiwa njiani kurudi tunakolala ndipo alipofungua mdomo.

"Mimi nitanie. Mke wangu mtanie. Kile chuma usikitanie, ng'wanawane. Kile hakina mjukuu."

Jioni ile nilijifunza na jambo jingine, kwa wale vijana. Mmoja alikuwa amefunga kidole kitambaa. Nikamuuliza, mashine imekubana? Akanitazama kama nimemtukania mama yake. "Nimejigonga," akasema. Kumbe ndiyo desturi yao. Mtu akiumizwa na karasha hasemi karasha limeniumiza. Atasema amejikwaa, atasema kuni, atasema mbuzi. Kwao, ukiitaja mashine kwa ubaya, anayelipia si wewe, ni yule atakayeiwasha kesho. Mimi niliona ni ushamba. Kimoyomoyo lakini. Kwa mdomo nilikuwa nimeshajifunza.

Kwa hiyo Ijumaa ile aliporudishwa na gari la watu badala ya kushuka stendi, mguu wa kulia umefungwa plasta mpaka juu ya goti, kila mtu alipewa hadithi yake. Bibi aliambiwa ng'ombe. Watoto wa mtaani waliambiwa simba, tena simba mwenyewe alikuwa mzee, ndiyo maana yeye akanusurika. Mimi nilipomuuliza akasema, "Nilikuwa namkimbia mke wako." Tukacheka wote watatu. Nadhani hicho ndicho kicheko cha mwisho kabla mambo hayajaharibika.

Maana mguu haukupona. Walimwekea chuma ndani, chuma kikakaa vibaya, na daktari akasema lazima afunguliwe tena, kwenye hospitali kubwa, mapema, la sivyo mguu utabaki mfupi na hatapanda tena ngazi ya karasha wala ngazi yoyote. Upasuaji huo ulikuwa juu ya uwezo wao. Lakini wenye karasha walikuwa wamewakatia wafanyakazi bima ya ajali kazini. Kilichotakiwa ni kitu kimoja tu kithibitike: kwamba aliumia kazini.

Mtu wa bima akakusanya maelezo. Akapata manne.

La kwanza lilitoka hospitali alikopokelewa. Waliandika alichosema mgonjwa mwenyewe: ameanguka na baiskeli. La pili ni barua ya msimamizi wa machimbo: siku hiyo Fundi alikuwa likizo, hakuwa kazini. La tatu lilitoka kwa mpishi wa pale kambini, ambaye si mtu wa mashine wala hajui desturi zao. Yeye alisema mkanda wa karasha ulikatika ukamchapa Fundi, akaanguka kutoka juu. La nne mnalijua. Lina saini yenye mkia.

Bibi ndiye aliyeleta habari nyumbani. Alikuwa amesomewa maelezo yote na mtu wa bima, na akaja kwetu anacheka, "Mume wangu, eti ulimshikia kofia!" Kisha akamwona mama yangu hacheki, na kicheko chake kikaisha hapo hapo mlangoni. Akakaa chini akaanza kulia. Sijawahi kumwona Bibi analia. Sikujua niweke wapi mikono.

Mama hakunipiga. Alisema tu nipige pasi sare.

Wiki iliyofuata tulikutana ofisi ya serikali ya mtaa. Alikuwepo mwenyekiti wa mtaa, mtu wa bima, msimamizi kutoka machimboni, Fundi na magongo yake, Bibi, mama, na mimi nimevaa kaptura ya shule mchana kweupe siku ya Jumamosi. Mtu wa bima alinitazama, akatazama karatasi, akanitazama tena.

"Huyu ni mwanafunzi?"

"Kidato cha tatu," akajibu mama. "Na Fundi hajawahi kuwa na kofia."

"Kijana, kwa nini ulidanganya?"

"Sikudanganya. Nilikuwa natania."

"Tofauti yake nini?"

Nikamtazama mwenyekiti. Yeye ni mtu wa hapa, tofauti hiyo anaijua toka ananyonya. Akakohoa. "Ni mjukuu wake," akasema. "Hapa kwetu mjukuu anaruhusiwa."

"Mheshimiwa, kwenye fomu yetu hakuna sehemu ya utani," mtu wa bima akasema, na hakusema kwa ubaya. Alionekana kuchoka. "Haya. Tuyafute ya ngoma. Kijana, kweli ni ipi?"

Nikafungua mdomo. Nilitaka sana kusema karasha. Lakini nilikuwa nimeiona baiskeli ya Fundi nyuma ya nyumba, gurudumu la mbele limepinda kama chapati, na halikuwa limepinda kabla ya wiki aliyoumia. Na likizo? Ni kweli aliomba likizo, kulikuwa na harusi ya mpwa wake kijijini Songwa. Mimi mwenyewe nilikwenda, nilikula pilau sahani mbili, lakini hata unikabe koo siwezi kukumbuka kama nilimwona. Halafu tena Fundi ni mtu wa kwenda kazini siku ya likizo. Akiambiwa mashine inakohoa, ataacha harusi. Ukiniuliza leo nitakwambia vyote vitatu vinawezekana, na vyote vitatu kwa siku moja.

"Sijui," nikasema.

Ndipo wakamgeukia yeye. Mtu wa bima akasogeza kiti.

"Mzee, sahau hospitali uliandikisha nini. Niambie mimi. Nini kilikuumiza?"

"Nilikuwa kazini," Fundi akasema.

"Sawa. Ukiwa kazini, kilichokuumiza ni nini?"

"Nilikuwa kazini."

"Daftari la mahudhurio linaonyesha likizo," msimamizi akadakia.

Fundi akamtazama taratibu. "Likizo hiyo uliniombea wewe?"

Mtu wa bima akashusha sauti. "Mzee wangu, nataka kukusaidia. Sema neno moja tu. Ni karasha?"

Bibi akamshika mkono. "Baba, sema! Sema mashine! Mguu ni wa nani, wa kwako au wa kwao?"

Fundi akautazama mguu kana kwamba swali hilo hajawahi kuulizwa. "Nimeshasema. Nilikuwa kazini."

Nilitaka kucheka, naapa. Ndivyo mwili wangu ulivyo, nikiogopa nacheka. Nikauma ulimi.

Barua ilikuja baadaye. Bibi hajui kusoma vizuri, na Fundi miwani yake ina kioo kimoja, kwa hiyo niliitwa mimi niisome. Nilisoma nimesimama, kama kwenye mashindano ya ufasaha. Walisema dai haliwezi kulipwa kwa kuwa maelezo yanapingana. Walisema anaweza kukata rufaa ndani ya muda fulani, endapo ataandika mwenyewe, kwa uwazi, chanzo cha jeraha.

"Wameandika vizuri?" Fundi akauliza.

"Vizuri sana. Hata koma ziko mahali pake."

"Basi."

Bibi alileta kalamu na karatasi, akaviweka juu ya stuli mbele yake. Vilikaa pale siku nyingi. Kila nikipita naona karatasi bado nyeupe. Muda wa rufaa ukapita karatasi ikiwa nyeupe, na siku moja nikakuta Bibi ameifungia chumvi.

Nimejaribu kujua kosa ni langu kiasi gani, na kila nikijaribu nachanganyikiwa. Mtu wa bima aliniambia pale pale ofisini, wakati wengine wanatoka, "Hata tukiondoa ya kwako, yanabaki matatu na hayaelewani." Nilidhani hilo lingenipa usingizi. Halikunipa. Maana baada ya ya kwangu waliacha kuuliza kwa upole. Mpishi aliulizwa mara ya pili kama mwizi, na mara ya pili akasema labda hakuona vizuri, labda ulikuwa moshi. Kama mimi nisingekalia ile ndoo nikajifanya mtu wa mambo yake, huenda wangemsikiliza mpishi. Huenda wasingemsikiliza. Nani atanijibu? Aliyekuwepo hataki kusema, na ambaye hakuwepo ndiye aliyesaini.

Mwezi uliopita nilimkuta barabarani, natoka shule. Plasta ilishatolewa na magongo ameyaacha. Mguu umebaki mfupi, kama daktari alivyosema, anatembea kwa fimbo na bega moja linazama kila hatua. Siku hizi haendi machimboni. Mkononi alikuwa na kindoo kidogo cha maji, cha mtoto, kile ambacho mtu mzima angeona aibu kukibeba, na nusu ya maji ilikuwa imemwagikia suruali.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mume mwenza. Mke wako amenituma maji. Wewe anakutuma nini?"

Nikataka kumpokea kindoo, akakihamishia upande wa pili. Tukatembea. Nikaona kama sisemi leo sitasema tena.

"Babu, naomba radhi. Kwa ile karatasi."

"Karatasi ipi?"

"Ya ngoma."

"Aah." Akapiga hatua mbili tatu. "Hivi, nilicheza vizuri?"

"Ulicheza vibaya. Ulivunjika."

"Lakini walishangilia?"

"Walishangilia."

"Basi ndiyo hiyo. Niikatie rufaa ya nini?"

"Babu, niambie mimi tu. Simwambii mtu. Ilikuwa mashine?"

Akasimama. Nilidhani amechoka, kumbe simu ilikuwa inatetemeka mfukoni. Akaniachia kindoo kwa mara ya kwanza ili aitoe, akaitikia kwa Kisukuma, akasikiliza, akauliza majina matatu, moja moja, na kila baada ya jina akashukuru, "Wabeja." Alipokata simu, uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyemaliza kusali.

"Vijana wale wa machimboni," akasema. "Huwa wananipigia wakishakizima kile chuma. Leo tena wametoka wote wazima." Kisha akachukua kindoo chake. "Uliuliza nini?"

"Sikuuliza kitu."

Alikwenda akichechemea mpaka kwenye mlango wake wa kamba, na mimi nikabaki nimesimama barabarani, bado sijui kilichomvunja ni nini, na sioni tena nani wa kumuuliza.

Nilimweleza mama yote jioni hiyo, toka kindoo mpaka simu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. Nilipomaliza alipeta ungo mara mbili, akasema:

"Kuanzia kesho ukitoka shule unapitia kwao kuchota maji. Madumu manne. Na usimchekeshe mpaka yajae."